Usuluhishi si siku ya kupitia tu

Mwaka wangu wa kwanza wa uwakili niliua shauri la mteja kwa kuchelewa gari. Nakaa Arusha, shauri lilikuwa Moshi, kilomita kama 80 tu, na nikajidanganya kwamba kikao cha usuluhishi hakina uzito wa siku ya mashahidi. Foleni ikatushika Usa River. Nilipofika mahakamani korido ilikuwa tupu. Mteja sikumwambia aje, nilidhani natosha. Msuluhishi alikuwa ameshalirudisha jalada kwa hakimu, na wakili wa upande wa pili aliomba kile ambacho hata mimi ningeomba. Madai ya shilingi milioni 40, za mbao na saruji, yakafutwa kabla ya saa nane mchana.

Kwa hiyo mdogo wangu uliyeapishwa juzi, anza na Amri ya VIII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, na uisome pamoja na marekebisho ya 2019. Usuluhishi umo kwenye kanuni zetu tangu 1994, na shauri la madai halifiki kusikilizwa kabla ya kupitishwa huko. Mdai asipofika bila sababu ya msingi, shauri lake linaweza kufutwa. Akikosa mdaiwa, utetezi wake unaweza kuondolewa. Anayetaka kurudishwa anaomba ndani ya siku 7 tangu amri itolewe. Mimi niliandika kiapo usiku uleule, na aya ya kueleza kwamba kosa ni la wakili, si la mteja, ndiyo aya ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika. Tulirudishwa, ila gharama za siku ile tulilipa sisi, yaani nililipa mimi.

Utawasikia wakubwa wakibishana: mashauri yanayosuasua yafutwe, au wahusika walazimishwe kukaa mezani? Upande wa kufuta nauelewa. Hata spidi traki, yaani muda ambao shauri limepangiwa kumalizika, iliyo ndefu kuliko zote ni miezi 24, na wapo wadai wanaofungua shauri ili kumtisha mtu tu, kisha wanaahirisha mpaka karani anawajua kwa sauti. Lakini kufuta kunapunguza majalada, ugomvi unabaki palepale. Deni alilokuwa akidai yule mteja wangu lisingelipika kwa kufutwa shauri; angelihamishia kwenye vikao vya ukoo, au kubaya zaidi. Mimi naona tishio la kufutwa lina kazi moja nzuri: kuwafikisha watu kwenye kikao. Likitumika kama ufagio, linamwadhibu mteja kwa uzembe wetu mawakili.

Hapa jifunze pia kutofautisha maneno. Shauri likiondolewa kwa kasoro, kwa kawaida unarekebisha na kufungua upya, mradi ukomo wa muda haujapita, ambao kwa mikataba ni miaka 6. Likifutwa, usikimbilie kufungua jingine. Soma amri neno kwa neno kwanza.

Tulipokaa hatimaye, tulimaliza kwa vikao viwili. Yaliyosemwa ndani siyasemi, ni siri kwa mujibu wa kanuni, na wewe usiyasimulie hata kwa mwenzako wa ofisini. Naweza kusema tu kwamba mteja alikuwepo mwenyewe, na hiyo ilitusaidia kuliko sheria yoyote niliyokuwa nimeandaa. Mwenzako anaweza kukushikia shauri siku ya kutajwa, ambayo ni ya kupanga tarehe na hatua tu. Siku ya usuluhishi anayetakiwa ni mwenye uamuzi wa kukubali au kukataa. Kama bosi yuko Dar, simu yake iwe wazi muda wote wa kikao. Na msivute miguu, kwa sababu mna siku 30 tangu kikao cha kwanza.

Kesi za ardhi zina njia yake. Mwenye ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, akija ofisini kwako, muulize kama ameshapita baraza la kata, maana tangu 2021 kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha tu, na baraza la ardhi na nyumba la wilaya halimpokei mpaka huko kushindikane au siku 30 zipite.

Mkikubaliana, andika tarehe na kiasi cha kila awamu, kisha muiombe mahakama iyasajili makubaliano hayo kuwa hukumu. Mdaiwa wetu alilipa awamu mbili, ya tatu akanyamaza. Hatukufungua shauri jipya. Tuliomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama, na akalipa kabla dalali wa mahakama hajafika dukani kwake.