Chupa ya Mrututu

Mwanangu mpendwa,

Jumapili uliniuliza kwenye simu, "Baba, ile miaka minne ya Aberdeen ilikusaidia nini, kama hukuja kuifanyia kazi?" Nilikujibu harakaharaka, mtandao ukakatika. Swali limelala nami wiki nzima. Najua pia si langu peke yangu: unataka kuacha benki, na unahofu kwamba miaka yako saba pale itahesabika hasara. Basi nikujibu vizuri.

Nilifika Aberdeen, kule Uskochi, 1984. Tarehe 28 Agosti 1980, kundi la Profesa John Mallard wa chuo kikuu cha pale lilikuwa limempiga mgonjwa picha kwa sumaku, mwili mzima, na picha ile ikawasaidia madaktari kweli. Leo mnaita MRI. Mwili wetu sehemu kubwa ni maji. Ukilazwa ndani ya sumaku, viini vya haidrojeni vya maji hayo vinajipanga. Vikipigwa mawimbi ya redio vinayumba, na vikitulia vinarudisha mawimbi ambayo mashine huyanasa. Mafuta hutulia upesi, maji hukawia. Tofauti hiyo ndiyo inayochora picha.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutengeneza chupa za kupimia mashine. Maji matupu yanakawia mno kutulia, kwa hiyo huchanganywa na chumvi ya shaba. Nikapewa mkebe, nikafungua kifuniko: mrututu! Ule ule wa buluu ambao babu yako alikuwa akiukoroga na chokaa kwenye pipa na kupulizia mibuni, mpaka shati lake la shamba likasahau rangi yake. Nilisimama na kijiko mkononi, theluji inaanguka nje, nikamwona baba yangu. Tangu siku ile sikuiogopa tena maabara.

Niliporudi nyumbani, kila nilipopangiwa kazi hapakuwa na mashine ya namna ile. Niliumia, sikufichi. Nikaingia kwenye ufundi wa eksirei na ultrasaundi, nikizunguka hospitali za wilaya na boksi la bisibisi.

Hospitali moja nilikuta ultrasaundi imefunikwa kitenge miaka miwili, imeandikwa "mbovu". Niliiwasha, ikafanya kazi dakika kumi, ikazima. Nikaifungua. Chujio la hewa lilikuwa limeziba vumbi jekundu, zito kama blanketi, mashine inachemka na kujizima yenyewe. Nililiosha kwa maji ya ndoo, nikalianika juani, nikalirudisha. Mchana huohuo mama mmoja mjamzito alimwona mtoto wake, moyo unadunda kama punje ya mtama inayorukaruka kwenye kikaango. Alinishika mkono asiuachie.

Shule nilifundisha miaka kumi na moja, hayo unayajua, ulikuwa darasani kwangu. Sasa nina mizinga yangu sita ya nyuki na kwaya, sauti ya besi, Alhamisi na Jumamosi.

Sasa swali lako. Ile mashine ya sumaku haichori picha mstari kwa mstari kama bibi yako alivyoshona mkeka. Kila mstari inaoupokea una habari za picha nzima. Ukikosa mmoja, hakuna tundu mahali fulani. Picha yote inapungua kidogo. Mimi ndivyo ninavyoiona miaka ile. Nilipofungua mashine ya watu, nilipomwambia mtoto wa kidato cha pili asubiri kwanza aone, Aberdeen ilikuwemo. Sijuti hata mwaka mmoja. Benki ukiiacha, mimi na mama yako tuko nawe. Ila tafuta kwanza akiba ya miezi sita, kodi ya nyumba haisubiri.

Chupa moja nilirudi nayo. Ndiyo ile ya buluu juu ya kabati, uliyodhani ni dawa nikakuchapa kwa kuigusa. Ukija Desemba nitaishusha, uishike mwenyewe.

Baba yako