Kuwakosoa wauza maji ya upako bila kuingia matatani

Ndugu yangu, nimekuelewa: unataka kuandika kuhusu wahubiri wanaouza maji ya upako, ila mashemeji wanasema unatukana dini. Katiba ya Tanzania, ibara ya 18, inakupa uhuru wa maoni. Lakini kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinambana anayeumiza hisia za kidini kwa makusudi. Kinachoangaliwa ni nia. Kwa hiyo andika bei, ahadi, na yaliyompata mgonjwa aliyeacha dawa. Imani ya waumini iache, na kejeli usiweke kabisa (hiyo ndiyo inayowaponza wengi, si hoja). Ukitaka kumtaja mhubiri kwa jina, mwone wakili kwanza, maana kuna kesi ya kashfa pia. Rasimu wape mashemeji waisome; watakuonyesha panapochoma.