Nguruwe Mwenyewe Hajaulizwa

Mmeuliza wiki hii: je, binadamu tuna wajibu wa kuwajali wanyama sawa na tunavyojaliana? Mimi nasema ndiyo, na nasema hivyo nikiwa muuaji wa panya.

Mwaka jana waliniingilia jikoni. Nikaweka gundi ya kunasia chini ya kabati, nikaenda kulala. Saa tisa usiku nikasikia kilio chembamba. Nilipomulika tochi nikamkuta mmoja amenasa ubavu mzima. Alikuwa amejivuta mpaka manyoya ya tumbo yakabanduka na kubaki kwenye gundi, ngozi nyekundu, na mguu mmoja uliosalimika bado unapiga hewa. Pembeni alikuwa amekaa paka wangu (mvivu, kazi hii ilikuwa yake) ambaye jioni ile ile nilimtoa kibanzi unyayoni huku nikimbembeleza kama mtoto.

Nikajiuliza tofauti ya wawili hawa ni nini. Kuumia, wote wanaumia. Ila mmoja nampenda.

Jeremy Bentham, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika mwaka 1789 kwamba la kuuliza kuhusu wanyama si kama wanafikiri au wanasema, bali kama wanaumia. Mwaka 1975 mwanafalsafa Peter Singer wa Australia akaijenga hoja hiyo upya, na akatenganisha mambo mawili ambayo wanaomcheka huyachanganya: kuwazingatia sawa si kuwatendea sawa. Nguruwe hana haja ya kupiga kura. Ana haja ya nafasi ya kujigeuza, na haja hiyo ipimwe kwa uzito wake yenyewe, hata kama mwenye nayo ana pua ya nguruwe.

Tunasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo tunasutana nayo sisi kwa sisi. Nguruwe tumemweka pale kama mfano tu. Hakuna aliyemuuliza.

Wapo wanaosema asiye na wajibu hana haki. Basi na mtoto mchanga je? Hoja hiyo sikai nayo.

Inayonisumbua ni ya mpaka: tunaishia wapi? Samaki? Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Lynne Sneddon walidunga asidi midomo ya samaki aina ya trauti. Samaki wale wakawa wanasugua midomo kwenye changarawe za tangi na wakachelewa kurudia chakula. Walipopewa mofini, dawa ya kutuliza maumivu, dalili hizo zikapungua. Uingereza ilipotunga sheria yake ya mwaka 2022 kuhusu wanyama wenye hisia, iliwaingiza pweza, kaa na kamba. Kila tunapochunguza kwa makini, orodha inarefuka. Kuhusu wadudu sijui niseme nini, na sioni kwa nini hilo linizuie kusema kuhusu nguruwe.

Ninapoweka breki ni kwenye uhai. Nyumba ikiwaka moto nitamtoa mtoto kwanza, paka baadaye, wala sitaona haya. Hata Singer hasemi kwamba kila uhai una thamani moja. Lakini jamani, nyumba inaungua mara ngapi? Siku nyingi kinachopimwa ni maisha mazima ya mnyama dhidi ya unafuu wangu mdogo. Katika ufugaji wa kuku wa mayai, vifaranga wa kiume huuawa kwa wingi siku ile ile wanayoanguliwa, kwa kuwa hawatagi na kuwalisha ni hasara. Ujerumani imelipiga marufuku jambo hilo tangu 2022, kwa hiyo si kwamba haiwezekani.

Yule panya nilimmaliza kwa ubapa wa koleo, nikakosea pigo la kwanza. Gundi iliyobaki niliitupa. Panya bado wanakuja na bado nawaua, kwa mtego wa chuma wa kufyatuka. Kabla ya kuutega mara ya kwanza niliujaribu kwa penseli. Ilikatika.