Vifaa vya Kamera vya Bei Nafuu: Ubane Wapi, Usibane Wapi

Kabla ya kununua kifaa chochote cha ziada, jiulize: kikinifia katikati ya kazi, napoteza nini? Kikinga mwanga cha lenzi kikivunjika, umepoteza kipande cha plastiki. Memori kadi ikifa, picha zote zimekwenda nayo. Mfuko mdogo ugawanywe kwa hesabu hiyo.

Basi tuanze na kadi. Namba kubwa inayoandikwa usoni, tuseme MB 170 kwa sekunde, kwa kawaida ni kasi ya kusoma, yaani ya kuhamishia picha kwenye kompyuta. Kamera inachojali ni kasi ya kuandika, na hiyo hutajwa kwa alama ndogo: V30 au U3 maana yake kadi haitashuka chini ya MB 30 kwa sekunde, C10 ni MB 10. Kwa picha za kawaida na video ya 4K ya kamera nyingi za wanaoanza, V30 inatosha. Ukilipia V90 ilhali kamera yako ni ya UHS-I (mfumo wa kadi wenye safu moja tu ya vituo), umetupa pesa: kasi ile hupita kwenye safu ya pili ya vituo vya umeme (vile vipande vya chuma) nyuma ya kadi, na kamera yako haina pa kuigusa.

Kadi bandia ndilo balaa kubwa zaidi. Huchezewa ijitangaze kuwa ni ya GB 128 wakati ndani ina GB 8 tu. Hupokea picha bila kulalamika, ikijaa hufuta za zamani au huandika hewani; ukifika kwenye kompyuta majina ya faili unayaona, picha hazifunguki. Siku hiyohiyo uliyoinunua, ipime kwa programu ya bure, H2testw kwa Windows au F3 kwa Mac na Linux, ambayo huijaza kadi yote kisha huisoma tena. Kadi ya GB 64 inayoandika MB 60 kwa sekunde hujaa kwa dakika 18 hivi. Usikatishe njiani, maana kadi bandia hufaulu vizuri sana mwanzoni. Ikipita, ifomati ndani ya kamera yenyewe.

Betri za kampuni nyingine si mbaya, ila linganisha mAh zake (kiasi cha umeme inachobeba) na za betri ya asili. Ikiwa ni ya umbo lilelile na inadai kuzidi kwa nusu nzima, usiiamini. Ijaribu kuingia na kutoka: isipoteleza vizuri ikiwa mpya, siku itakapovimba itanasa humo humo. Iliyovimba hata kidogo haichajiwi tena. Pia, kamera ikiongezewa programu mpya inaweza kuanza kuikataa betri uliyoizoea, kwa hiyo ya asili usiigawe.

Kwenye tripodi, watu hununua urefu kumbe wanachohitaji ni uthabiti. Pima kamera pamoja na lenzi yako nzito kuliko zote, kisha tafuta tripodi inayodai kubeba angalau mara mbili ya uzito huo, kwa sababu wauzaji wa bei ya chini hukuza madai yao. Miguu ya vipande vitano hutikisika zaidi kuliko ya vitatu. Kipande cha mwisho cha miguu ya vitano huwa chembamba kama penseli. Nguzo ya katikati usiipandishe bila sababu. Dukani, ifungue yote, weka kamera, kuza picha kwenye skrini hadi mwisho, kisha gonga mguu kwa kidole. Mtikisiko ukikawia kutulia, rudisha. Angalia pia bamba linalofungwa chini ya kamera: lenye umbo la Arca-Swiss ukilipoteza hupati shida kupata jingine, lakini la umbo la kipekee likipotea, tripodi nzima imekuwa fimbo. Rimoti ya shata iache kwanza. Saa ya kujihesabia ya sekunde 2 iliyomo ndani ya kamera inafanya kazi karibu ileile.

Filta, yaani vioo vinavyofungwa mbele ya lenzi, ndiko unakoweza kuokoa pesa kweli. Kila lenzi ina kipenyo chake, kilichoandikwa mbele baada ya alama ya ø, kwa mfano ø58. (Namba kama 50 mm ni urefu wa fokasi; wengi hununua filta kwa namba hiyo na haiingii.) Badala ya kununulia kila lenzi filta yake, nunua moja nzuri ya lenzi yako yenye kipenyo kikubwa kuliko zote, tuseme ya 77 mm, na pete za kuongezea kipenyo: 58 kwenda 77, 67 kwenda 77. Hasara yake ni kwamba kikinga mwanga hakiingii tena, na ukipandanisha pete mbili kwenye lenzi ya kuona eneo pana, kona za picha huweza kuwa nyeusi. Polaraiza, filta ya kupunguza mng'ao, ipime kwa kuielekeza upande wake wa mbele kwenye skrini ya kompyuta ya LCD na kuizungusha; skrini isipoonekana kuingia giza, ni kioo tu. Filta za ND (za kupunguza mwanga) za kuzungusha, zikiwa za bei ya chini, huchora msalaba mweusi zikifika mwisho. Afadhali ND1000 isiyobadilika, ambayo hugeuza 1/60 ya sekunde kuwa sekunde 16 hivi. Filta ya UV ya bei ya kutupa, hiyo usiivae usiku: kila taa itazaa mzimu wake kwenye picha.

Flashi ya mkono wa pili isiyo ya otomatiki inafundisha mwanga kuliko mpya ya bei kubwa. Lakini za kizamani sana, baadhi hutoa volti zaidi ya 200 kwenye kituo cha katikati (kipande cha chuma chini yake kinachogusa kamera), na umeme huo unaweza kuunguza saketi za kamera ya leo. Iwashe, ngoja ijae, kisha weka waya mmoja wa multimita (kipima umeme) kwenye kituo cha katikati na mwingine kwenye reli ya pembeni. Linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha kamera yako. Ikizidi, usiipachike juu ya kamera. Iweke kando na iwashe kwa trigi ya redio inayohimili volti hizo.