Jina la Elysium kwa biashara ya mazishi: ni la kale, je, halina mwenyewe?

SWALI: Nauza majeneza Mwanza na nina gari la kubebea maiti. Nataka kuiita biashara yangu Elysium, makao ya raha ya mashujaa waliokufa katika visasili vya Wagiriki. Kijana anayetujazia fomu anasema majina ya visasili hayana mwenyewe, na nikishapata cheti cha jina la biashara cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, hakuna wa kunigusa. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Kakosea mara mbili.

Nike ni mungu wa ushindi wa Wagiriki hao hao. Jaribu kuuza viatu kwa jina lake uone kama halina mwenyewe. Jina la kisasili hata husajilika kirahisi zaidi, kwa kuwa halielezi bidhaa. "Majeneza Imara" hulipati, maana kila fundi ana haki ya kusema majeneza yake ni imara. Lakini Anubis, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha mbweha, mlinzi wa maiti zinazokaushwa, anaweza kuwa alama ya mtu kwa huduma za mazishi. Akishalisajili, ukale wa jina haukuokoi.

Cheti nacho kinaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina gani. Alama ya biashara na huduma, ndiyo inayompa mtu umiliki wa jina, ni usajili mwingine, BRELA hiyo hiyo, na huenda kwa madaraja, yaani makundi ya bidhaa na huduma yenye namba: huduma za mazishi ni 45, majeneza ni 20. Kila daraja lina ombi lake na ada yake. Wewe unahitaji yote mawili.

Pekua kwanza rejesta ya alama. Usitafute Elysium peke yake. Tafuta na Elizium, na Elysian, kwa sababu majina hulinganishwa kwa sauti pia. Kuongeza "Mwanza" mwishoni hakusaidii. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60. Usajili wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuishwa kwa 10. Zanzibar ina rejesta yake.

Vishoka wa milangoni hawayasemi haya, kwa sababu cheti cha jina hutoka haraka nao wanalipwa wakaondoka. Anayekuambia "limepita", muulize: rejesta ipi, daraja lipi, namba ya ombi ngapi? Hana namba, usibandike stika kwenye gari, usishone sare, usiandike maturubai. Barua ya wakili ikija, vyote hivyo utavifuta kwa gharama yako, na familia zilizokujua kwa jina hilo zitampigia simu mwenye nalo.