Mtoto wa miaka mitatu hana roho mbaya, bado hajaifikia "kumbe"

Mbukwenyi wadau. Dada uliyeuliza, nimesoma maelezo yako mara mbili. Mwanao ana miaka 3 na nusu, anamnyang'anya mdogo wake kila kitu, anapiga kelele hata ukimwambia baba kalala katoka zamu ya usiku, na mama mkwe amesema mtoto ana roho mbaya, achapwe mapema kabla hajaota mapembe. Unauliza kama kweli yuko mtoto anayezaliwa hajali wenzake. Nimefundisha darasa la awali miaka 9 hapa Dodoma, na nyumbani Nkuhungu nimelea wawili wa kwangu na mmoja wa marehemu dada yangu. Nakujibu: hapana. Nivumilie nieleze.

Bibi yao yuko Mpwapwa, ana kisimu cha vitufe. Kijana wangu alipokuwa na umri kama wa mwanao, bibi akipiga, yeye anainua mguu mpaka karibu na simu: "Bibi, ona hivi!" Bibi anauliza, "Nini, baba?" Anainua zaidi, anakasirika, machozi yanamtoka. Alikuwa anaonyesha kandambili mpya. Kwa akili yake, alichokiona yeye kila mtu amekiona. Wakicheza kujificha anafunika uso kwa khanga yangu, mwili wote nje, na anaamini kabisa kwamba hatumwoni.

Jioni moja nikafanya jaribio nililowahi kulisoma chuoni. Nikamwaga majani ya chai kwenye bakuli, lile kopo nikalijaza karanga, nikalifunika. Nikamwita.

"Humu kuna nini?"

"Majani."

Nikafungua, akaona karanga, akacheka sana. Nikafunika tena. "Shangazi yako yuko nje anaanua nguo, hajaona. Nikimwonyesha hili kopo limefunikwa, atasema kuna nini?"

"Karanga."

"Na wewe, kabla sijafungua, ulisema kuna nini?"

"Karanga."

Dada yake wa miaka 6 alikuwa kasimama mlangoni, akaruka: "Si umesema majani!" Mdogo wake akashikilia: karanga. Dada, ningekuwa sijui, ningemwita mwongo. Lakini nilimtazama machoni, hakuwa anadanganya. Akishajua ukweli, ule ukweli unafunika kila kitu, mpaka alichokidhania mwenyewe dakika moja iliyopita. Sasa kama mawazo yake ya dakika iliyopita hawezi kuyashika, ya baba yake aliyelala atayashikaje?

Miezi kumi baadaye nikarudia, kopo lile lile, safari hii nimeweka kunde. Sijamaliza hata swali, akanidakia: "Shangazi atasema majani! Kumbe kunde!" Akataka shangazi aitwe upesi, amwone anavyokosea.

Hiyo "kumbe" naiheshimu sana. Kiswahili kimetuwekea tayari kile ambacho mtoto anahangaika kukipata: "nilidhani" upande huu, "kumbe" upande ule, na katikati pengo kati ya mawazo ya mtu na hali ilivyo. Mtoto akianza kutumia "kumbe" mahali pake, ujue pengo ameliona. Mwezi ule ule, kwenye simu na bibi, nilimsikia mwenyewe: "Bibi, wewe huoni, ngoja nikwambie, ni nyekundu."

Jambo hili watu wamelichunguza kwa muda mrefu. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner wa Austria waliwasimulia watoto habari za mvulana aliyeweka chokoleti kabatini akaenda kucheza, huku nyuma mama akaihamishia kabati jingine. Akirudi, ataitafuta wapi? Wa miaka 3 walielekeza kule ilikohamishiwa. Kadiri umri ulivyopanda, ndivyo wengi zaidi walivyoelekeza kule alikoiacha. Asiwepo wa kusema hayo ni ya Wazungu: Avis na Harris mwaka 1991 walichapisha uchunguzi wa watoto wa Wabaka, wawindaji wa misitu ya Kameruni, kwa chakula kilichohamishwa kutoka kwenye chombo mpishi akiwa hayupo. Nako, wakikaribia miaka 5, wengi wanajua mpishi atakwenda kwenye chombo kitupu.

Kinachosaidia ni maneno, tena mengi. Usiishie "acha!" Mwambie: "Mdogo wako analia kwa sababu alidhani unamnyang'anya moja kwa moja, hajui kwamba utamrudishia." Mtoto wa 3 na nusu hatashika yote, sema tu. Usiku msimulie hadithi za sungura na fisi, ukifika katikati simama: "Fisi anajua kwamba sungura katoka shimoni? Anadhani yuko wapi?" Sisi tulilelewa kwa hadithi hizo gizani, wakati wa kupukuchua karanga, na sasa naona bibi zetu walikuwa wanafundisha somo zima. Kucheza na watoto wakubwa kidogo nako kunasaidia, maana hawambembelezi, watamwambia tu "wewe ulikuwa hujui".

Uongo ndio unaoniuma. Shule moja niliyofundisha, kijana wa miaka 4 na ushee alikula sukari ya uji, akasema paka kala, na chembe bado ziko mdomoni. Nilimchapa. Nilidhani namng'oa tabia mbaya, kumbe alikuwa ametoka kugundua kwamba kichwani mwangu panaweza kukaa kitu tofauti na anachokijua yeye. Uongo unakemewa, sipingi. Ila ningekaa naye chini nikamwonyesha kwamba nimesikitika, na kwa nini. Mpaka leo nikimkumbuka najisikia vibaya.

Tena, kujua mwenzako anawaza nini hakumfanyi mtoto awe mwema. Wapo wa darasa la kwanza wanaojua hasa neno gani litamliza mwenzao, na wanalitumia. Huruma inafundishwa juu ya hapo, na inafundishwa kwa kuonwa: wewe unavyomjibu dada wa kazi, baba anavyomsemesha bodaboda.

Jambo moja la kuangalia. Kama mtoto haitiki jina lake, haonyeshi vitu kwa kidole ili mvitazame pamoja, au maneno yamechelewa mno, mpeleke hospitali na masikio yapimwe. Mtoto asiyesikia, na nyumbani hakuna anayejua lugha ya alama, anachelewa katika haya yote kwa sababu mazungumzo yanampita. Akili anayo. Usimngojee "atakua tu".

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye. Chukua kopo la majani ya chai, weka karanga, mwombe akae pembeni atazame bila kumweleza chochote kwanza. Mtoto akishajibu karanga mara zote mbili, ndipo muongee. Kisha weka tarehe kwenye kalenda, mrudie baada ya miezi sita mkiwa naye, na uje utuambie mtoto alijibu nini.