Anza na kaburi, meli ije mwisho

Wiki hii mmeuliza kama mtu ana mzee wa zamani kwenye ukoo alovuka bahari akahamia huko mazima, aanzie wapi kumtafuta. Najua wengi watajibu meli, manake ndo inayovutia, kila mtu anataka aone jina la babu yake kwenye orodha ya abiria. Mi nasema meli iache mwisho kabisa, anza na alivyokufa.

Sababu ni hii. Anayepanda meli ni kijana tu, jina la kawaida na umri wa kukadiria, na akina John Murphy wa miaka 22 wamejaa kwenye hizo orodha mpaka unachoka, sasa utajuaje yupi wako? Lakini anayekufa ana mke, ana watoto, ana kazi, ana mtaa anaokaa, na kuna mtu kaenda kumwandikisha kwa karani. Vyeti vya kifo vya Marekani vya karne ya 20 mara nyingi vina majina ya baba na mama wa marehemu. Usiviamini vyote lakini, manake aliyejibu maswali siku ile ni mtoto au mkwe, na huyo bibi wa ng'ambo hajawahi kumtia machoni, anataja alichosikiasikia. Tangazo la msiba gazetini mi naliona bora zaidi, linataja ndugu walobaki na kila mmoja yuko mji gani.

Ukitoka hapo nenda kwenye uraia. Nazungumzia Marekani kwa sababu ndo walikokwenda wengi na ndo kwenye karatasi nyingi. Zamani mahakama yoyote ilikuwa inaweza kumpa mtu uraia na kila moja na fomu zake, unakuta imeandikwa tu katokea Ujerumani, basi. Kuanzia 27 Septemba 1906 fomu zikawa za aina moja nchi nzima, na zinauliza kazaliwa wapi na lini, mke nani, watoto wangapi, kaja na meli gani na kafika siku gani. Yaani meli unapewa bure kabisa, wakati mwenzio bado anapekua akina Murphy.

Na kama hakuchukua uraia? Wapo wengi. Jaribu kadi za usajili wa jeshi za 1917 na 1918, wanaume kama milioni 24 walijaza na hata asiye raia alitakiwa kujiandikisha. Sensa nazo, kuanzia ya 1900 mpaka ya 1930, ziliuliza mtu kaingia mwaka gani na kama ana uraia, ukiona Na ujue tayari, Pa karatasi za kwanza, yaani zile za kutangaza nia ya kuwa raia, kashachukua, Al bado mgeni. Ya 1890 sahau, karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921. Wamarekani wanafungua sensa baada ya miaka 72 kwa hiyo ya 1950 iko wazi, Waingereza wanasubiri 100.

Haya sasa meli. Ellis Island, kile kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji, ilifunguliwa 1892 ikafungwa 1954, watu zaidi ya milioni 12 wamepita pale, kabla yake kulikuwa na kituo kingine hapohapo New York, Castle Garden. Na hapa niseme jambo moja linaloniudhi, ile hadithi kwamba karani wa Ellis Island alishindwa kutamka jina la babu akambadilishia, kila ukoo unayo. Sio kweli. Orodha zilikuwa zinaandikwa na watu wa kampuni ya meli na wa pale Ellis Island kazi yao ilikuwa kuhakiki kilichoandikwa. Mzee kajibadilisha mwenyewe baadaye, kazini au mtoto alipoanza shule, kwa hiyo kwenye meli mtafute kwa jina lake la kwao, na likigoma acha jina la ukoo kabisa, weka jina la kwanza na umri na kijiji uone.

Ukimpata usikimbilie kupakua ukurasa mmoja ukafurahi ukaondoka. Kwenye orodha za kuanzia 1907 mtu mmoja ana kurasa mbili, na ule wa kulia ndo mtamu, anaenda kwa nani na mtaa gani, na kwenye ule wa kushoto kuna jina na mahali alipo ndugu yake wa karibu kule alikotoka, yaani mara nyingi unapata jina la baba au mke aliyeachwa. Ukiona vinamba vimeandikwa pembeni ya jina kwa mwandiko mwingine, mara nyingi viliongezwa miaka mingi baadaye alipoomba uraia wakawa wanathibitisha aliingia kweli. Halafu shuka mpaka mwisho wa orodha ya meli, kuna kurasa za waliozuiliwa, kuna sababu na hata idadi ya milo waliyokula wakisubiri, wengi wao wanawake wanaongoja mume aje kuwachukua au hela ifike.

Soma na majina ya juu na chini yake. Watu walisafiri na majirani zao na mashemeji zao, na wewe ukikwama na wako unaweza kumfuata jirani aliyekuwa naye, unakuta ndo shahidi wake wa ndoa.

Kwa upande wa kuondokea, kwenye bandari za Ujerumani, Hamburg wametunza orodha za 1850 mpaka 1934 na zinataja mji alikotoka mtu, za Bremen nyingi zimepotea. Uingereza wanazo za waliotoka kuanzia 1890 hadi 1960.

Mwisho, ukiona sensa ya 1910 yupo halafu ya 1920 hayupo na kaburi halionekani, usiseme kafa. Wengi walirudi kwao, hasa Waitaliano, wengine walienda na kurudi mara kadhaa, hivo orodha moja uliyoipata inaweza isiwe ya kwanza. Kwenye ule ukurasa wa kulia kuna sehemu anaulizwa kama alishawahi kukaa Marekani, mwaka gani na wapi. Ikiwa imejazwa, shika hiyo miaka urudi kutafuta tena.